Geuza uone nyuma: vito ambavyo Edward alimpa Wallis

Swali la msomaji: "Mtaalamu habari za kazi. Juzi nimeona picha za bangili na bruchi, zile pini za urembo za kifuani, ambazo yule mfalme Edward wa Uingereza alimpa Wallis Simpson, eti kila kimoja kina maneno ya siri nyuma. Ni kweli au wametia chumvi? Na vile vito vilikuwa vya ufalme au vya kwake mwenyewe? Na huyo mama yeye alimpa nini mwenzake? Nauliza sababu mimi na mchumba wangu tunataka tuchongeshe kitu kwenye pete zetu na sijui tuandike nini."

Nzuri dada yangu, na hongera kwa uchumba. Kwa kifupi, maneno yapo kweli, sio kwenye kila kimoja ila kwenye vingi, vito havikuwa vya taji, na Wallis naye alitoa, ingawa alipokea zaidi ya alivyotoa. Ya pete yenu nakuja nayo mwisho, kwanza nikusimulie maana umenigusa penyewe.

Mimi kazi yangu ni kukagua vito vya zamani, na kitu cha kwanza nikiletewa mzigo wowote ni kuugeuza. Watu wote wanaangalia mbele, jiwe lina rangi gani, karati ngapi, linang'aa vipi, mimi nageuza ule upande unaolala kwenye ngozi, naweka lenzi jichoni natafuta muhuri wa sonara, michubuko, sehemu iliyowahi kuchomelewa, na kama kuna maandishi. Sasa vito vya Wallis ukiviangalia mbele tu umeona duka la Cartier na Van Cleef & Arpels, vizuri sana lakini ni duka. Ukigeuza unakuta mwanaume anaongea na mwanamke wake kwa miaka zaidi ya kumi, kwa mwandiko wake mwenyewe. Na sio namna ya kusema hiyo, ni mwandiko wake kweli, maana masonara walikuwa wanaunakili kwenye madini herufi kwa herufi vile vile alivyoandika, imelala ilale.

Historia yao naipitia mbio maana nahisi unaijua. Walionana mara ya kwanza Januari 1931 kwenye nyumba ya shamba huko Leicestershire, yeye akiwa mrithi wa kiti cha Uingereza, Wallis akiwa Mmarekani aliyekulia Baltimore, ameshaachika mara moja na yuko kwenye ndoa ya pili na Ernest Simpson. Kufikia 1934 jamaa alikuwa hasikii wala haoni. Baba yake George V akafariki 20 Januari 1936, akawa mfalme, na kabla mwaka haujaisha akaachia ngazi tarehe 11 Desemba, siku 326 tu. Sababu ni kwamba serikali na kanisa walimwambia hawezi kumuoa mwanamke aliyeachana na wanaume wawili walio hai halafu abaki kuwa mfalme, basi akachagua mwanamke.

Kuna kitu kimoja lazima ukijue kwanza, bila hicho utasoma maandishi yote usiambulie kitu. Wao walijiita WE. W ya Wallis, E ya Edward, na ukiziweka pamoja kwa Kiingereza zinasomeka "sisi". Utaona hizo herufi mbili zimeandikwa kwa herufi kubwa kila mahali, kwenye barua zao, kwenye pete, kwenye bruchi. Ila akiweka sahihi peke yake haandiki Edward, anaandika David. Huyu bwana alibatizwa majina saba na David ndilo la mwisho, ndilo alilokuwa akiitwa na ndugu zake nyumbani. Kwahiyo ukikuta David nyuma ya kito ujue hapo sio mfalme anayetoa zawadi, ni mtu wa ndani.

Kama ningeruhusiwa kushika kimoja tu kati ya vyote ningechagua bangili ya misalaba. Ni ya Cartier, mstari mwembamba wa almasi, na kwenye huo mstari inaning'inia misalaba midogo tisa, yenye mawe ya rangi mbalimbali isipokuwa mmoja ni platinamu tupu hauna jiwe. Kwa mbali unaonekana urembo wa kawaida, hata wa kitoto kidogo, wanawake wengi wa wakati ule walivaa bangili zenye vidude vya kuning'inia. Lakini kila msalaba una maandishi nyuma na mingi ina tarehe, na haikutolewa siku moja, iliongezwa mmoja mmoja kuanzia 1934 mpaka 1944. Ule wa platinamu ndio wa mwanzo, una tarehe 25 Novemba 1934 na maneno yanayosema WE nasi pia. Nasi pia nini? Jiulize kilichokuwa kinaendelea London wiki ile, mdogo wake George alikuwa anafunga ndoa na Marina wa Ugiriki tarehe 29, mji mzima unazungumzia harusi. Mimi nasoma hapo mtu anayeona wenzake wanaoana kanisani mchana kweupe na yeye wa kwake ni mke wa mtu, basi anamnong'oneza kwa kipande cha platinamu kwamba na sisi tumo. Hiyo ni tafsiri yangu mimi, ila jaribu kuiweka hiyo tarehe popote pengine uone kama itakaa.

Mwingine una tarehe 16 Julai 1936 na maneno ya Mungu mlinde mfalme, kwa ajili ya Wallis. Siku hiyo Edward alikuwa anarudi juu ya farasi kutoka kwenye gwaride Hyde Park, amefika Constitution Hill mtu mmoja kwenye umati akatoa bastola yenye risasi, ikapigwa ikamtoka mkononi ikaangukia barabarani karibu na farasi. Mfalme hakuguswa, akaendelea na safari kama hakuna kitu. Halafu akaenda zake kwa sonara. Kuna wa picha ya eksirei, kuna wa siku ya ndoa yao tarehe 3 Juni 1937, na kuna ule ninaoupenda kuliko yote, wa tarehe 31 Agosti 1944, Wallis alikuwa amefanyiwa operesheni ya kidole tumbo New York na mumewe akamchongea msalaba wa kidole tumbo, imeandikwa hivyo hivyo kabisa. Nani anaweka kidole tumbo kwenye almasi? Ni mtu ambaye kwake homa ya mkewe na bastola ya Constitution Hill ni habari za uzito mmoja. Na yeye Edward alikuwa anavaa misalaba midogo ya namna hiyo hiyo shingoni kwenye mkufu, ukitazama picha za safari yao ya meli Nahlin, kiangazi cha 1936 pwani ya Dalmatia, yuko kifua wazi na misalaba inaonekana, na mkononi kwa Wallis bangili iko. Magazeti ya Marekani yalichapisha, ya Uingereza yakanyamaza kimya, ila yeyote mwenye macho alikuwa ameshajua.

Haya tuje kwenye ile ambayo watu wengi wanaisoma vibaya. Ni bangili ya yakuti nyekundu na almasi ya Van Cleef & Arpels, kwenye kifungo chake imechongwa "Hold Tight" na tarehe 27 Machi 1936. Shikilia sana, kaza. Wengi wanaoandika mambo haya wanasema ah jamani mahaba, mimi naona ni mtu anaomba. Ana miezi miwili tu tangu awe mfalme, na mwanamke ambaye yeye Edward amemng'ang'ania hana uhakika kama anataka haya mambo yafike huko yanakokwenda. Sisemi hivyo kwa kubahatisha, mwezi Septemba mwaka huo huo Wallis alimwandikia barua kwamba ni bora arudi kwa Ernest maana wao wawili pamoja wataleta balaa tu. Na Desemba akiwa amekimbilia Cannes alitoa tangazo kwamba yuko tayari kujitoa. Kwahiyo ukipanga vito vya 1936 kwa tarehe unaona kadiri yule mama anavyorudi nyuma ndivyo masanduku ya vito yanavyoongezeka. Machi bangili ya yakuti, Juni 19 anatimiza miaka 40 anapewa mkufu wa yakuti umeandikwa Wallis wangu kutoka kwa David wake, Julai misalaba, na ile bruchi ya majani mawili ya yakuti nayo ni ya mwaka huo huo. Zawadi nyingi namna hiyo kwa mwaka mmoja mimi zinanitia mashaka, nisamehe, labda ni uzee wa kazi.

Hiyo bruchi ya majani niseme neno kama fundi, maana uzuri wake hauonekani kwenye picha. Kawaida jiwe linashikwa na vikucha vya madini, unaviona vimebana pembeni. Van Cleef walisajili mwaka 1933 namna ya kupanga mawe bila kikucha hata kimoja kuonekana, wanakata mfereji mwembamba kwenye ubavu wa kila yakuti chini kidogo ya uso wake, halafu wanayaingiza kwenye vijireli vya dhahabu moja baada ya jingine, mithili ya droo kwenye kabati. Ukitazama juu ni uwanja mwekundu mtupu. Mawe lazima yalingane rangi na unene, na ukikosea mfereji jiwe linapasuka mkononi mwako. Bruchi moja ya hivyo ni miezi ya mtu kuinama mezani.

Pete ya uchumba sasa. Tarehe 27 Oktoba 1936 mahakama ya Ipswich ilimpa Wallis hati ya awali ya talaka, na siku hiyo hiyo Edward akampa pete ya Cartier yenye zumaridi ya karati 19.77. Inasimuliwa kwamba hilo jiwe lilikuwa nusu ya zumaridi kubwa ya wafalme wa Mughal wa India, Cartier wakaona hakuna tena mteja wa kununua jiwe kubwa kiasi kile wakalikata mawili. Ndani ya pete imeandikwa WE sasa ni wetu, 27 X 36. Hiyo X sio kosa, ni kumi ya Kirumi, walipenda kuandika miezi hivyo. Angalia na hesabu yake, talaka bado haijakamilika, kisheria anatakiwa asubiri miezi sita, waziri mkuu hajaambiwa rasmi, na bwana ameshachonga "sasa". Mwaka 1958 Cartier walilitoa jiwe kwenye ile pete wakalitengenezea nyingine ya dhahabu na almasi, ndiyo hiyo inayoonekana sana kwenye picha za siku hizi, kwahiyo ukiona mtu anakuuzia nakala ya "pete halisi ya 1936" angalia kwanza ni umbo gani.

Na harusi yenyewe ilikuwa Château de Candé karibu na Tours, Ufaransa, gauni la buluu la mbunifu Mainbocher, na mkononi bangili pana ya yakuti samawi na almasi ya Van Cleef iliyochongwa tarehe 18 Mei 1937 na neno la mkataba, yaani mkataba wao wa ndoa. Hakuna hata ndugu mmoja wa mwanaume aliyekuja.

Umeuliza kama vilikuwa vya ufalme. Hapana, na hili nalisema kwa msisitizo kwasababu uvumi wake ni wa tangu 1936 mpaka leo watu wanaurudia. Ulivuma uvumi kwamba Edward alimpa Wallis zumaridi za bibi yake Malkia Alexandra, na wengine wakaenda mbali kwamba ndio maana familia ilimchukia. Haijawahi kuthibitishwa. Kinachoonekana kwenye mkusanyiko ni vitu vilivyoagizwa vipya madukani, vina mihuri ya maduka, maduka yanavitambua kwenye madaftari yao, vingi tarehe zake ni za miaka ya thelathini kwenda mbele. Vito vya taji haviguswi na mtu, mfalme mwenyewe anavaa kama mwenye dhamana tu. Hela aliyonunulia ilikuwa yake, akiwa mrithi alipata mapato ya Duchy of Cornwall, yaani ardhi na mali za mrithi wa kiti, kwa miaka mingi na alikuwa ameweka akiba ya kutosha, halafu alipoondoka mdogo wake mwingine, George VI aliyechukua kiti, ilibidi anunue kutoka kwake majumba ya Sandringham na Balmoral maana zilikuwa mali binafsi aliyorithi. Alikuwa na pesa, shida yake haikuwa hiyo. Kitu ambacho hakuweza kumpatia mkewe kwa pesa yoyote ni hadhi, Mei 1937 siku chache kabla ya harusi ilitolewa amri kwamba yeye ataitwa Mtukufu lakini mkewe hapana. Hilo lilimuuma mpaka anaingia kaburini. Mimi huwa naona mawe makubwa yaliyofuata, ile almasi ya karati 31 aliyonunua kwa sonara Harry Winston mwaka 1950 kwa mfano, kama mtu anayejaribu kulipa deni kwa sarafu isiyokubalika.

Sasa Wallis alimpa nini. Zawadi yake ambayo mimi nikiifikiria natabasamu ni kasha la sigara la dhahabu la Cartier, la Krismasi 1935, limeandikwa David kutoka kwa Wallis. Juu ya mfuniko imechorwa ramani ya Ulaya na njia walizopita kwenye likizo zao zimetiwa rangi ya enameli na vituo vimewekewa vijiwe. Fikiria mwanaume anayevuta sigara mfululizo kama yule, kila akitaka moja anatoa mfukoni safari zao zote anazishika kiganjani, tena mbele ya mawaziri na mabalozi na hakuna anayejua ile mistari ni ya nini. Kwa akili mimi nampa Wallis maksi zaidi kwenye hilo kasha kuliko Edward kwenye yakuti zote za 1936. Bei yake haifiki hata robo ya mkufu, lakini inaonyesha anamjua mtu wake, mkono wake unakwenda wapi mara hamsini kwa siku. Edward alikuwa na vifungo vya mikono ya shati pia vyenye herufi zao, vya Cartier, vya almasi kwenye platinamu, na yale yale ya kushikilia sana. Yaani ule msemo walikuwa wanarushiana, huyu kwenye bangili, huyu kwenye shati.

Wengi wanauliza kuhusu yule ndege, flamingo, korongo mwekundu wa ziwani. Hiyo bruchi ni ya Cartier Paris 1940, kazi iliyosimamiwa na Jeanne Toussaint, mkuu wa ubunifu wao, mwili wa almasi, mkia manyoya ya yakuti nyekundu, yakuti samawi na zumaridi, mguu mmoja umekunjwa. Utaambiwa alitengenezewa flamingo kwasababu Edward alikuwa gavana wa Bahamas na flamingo ndiye ndege wa huko. Tamu, ila tarehe zinakataa, bruchi iliagizwa kabla ya Ufaransa kuanguka Juni 1940 na yeye alifika Bahamas Agosti. Hakuna aliyejua wataishia visiwani. Kinachonivutia mimi ni kwamba mawe mengi hayakununuliwa, Edward alipeleka bangili na mkufu walizokuwa nazo zikabomolewa akazaliwa ndege. Vita imeanza, Paris inangojea mabomu, na mtu anapeleka bangili zivunjwe ili apate flamingo. Sijui nicheke au nilie. Na tusijidanganye kwamba hawa walikuwa watu wa kuigwa kwenye kila kitu, Oktoba 1937 walikwenda Ujerumani wakapeana mikono na Hitler, hiyo ipo kwenye picha na hakuna almasi itakayoifunika.

Oktoba 1946 wakiwa wageni nyumbani kwa rafiki huko Sunningdale, Uingereza, wezi waliingia wakaondoka na sanduku la vito, vingine vikakutwa vimetupwa kwenye uwanja wa gofu. Baada ya hapo ndipo wakaja chui. Mwaka 1948 chui wa dhahabu mwenye madoa meusi amekaa juu ya zumaridi ya karati 116.74, mwaka 1949 mwingine wa almasi amekaa juu ya yakuti samawi ya Kashmir ya karati 152.35, jiwe la mviringo kubwa utadhani jicho la ng'ombe, na 1952 bangili ya chui ya almasi na shohamu nyeusi, imeungwa viungo vidogo vidogo kiasi kwamba inalala kwenye mkono inajinyonganyonga kama iko hai. Hivi kwa ufundi ni vikubwa kuliko vya mwanzo, havina mpinzani. Lakini ukivigeuza hakuna tena ule mnong'ono wa 1934. Ni watu wazima wameshaoana, hakuna wa kumficha wala wa kumbembeleza, kila mtu anatazama vito tu. Ya moyo ya 1957 ndio ina herufi zao, bruchi ya miaka ishirini ya ndoa, moyo wa almasi wenye W na E za zumaridi na XX ya Kirumi chini, na hizo sasa zimehamia mbele watu wote wasome.

Edward alifariki Paris Mei 1972, Wallis Aprili 1986. Inasemekana mzee alitamani mawe yang'olewe asije mwanamke mwingine akavaa. Haikuwa hivyo, na mimi kwa kazi yangu nashukuru, maana jiwe lililong'olewa halina historia tena, ni jiwe tu. Wapiga mnada wa Sotheby's waliviuza kwenye hema kando ya ziwa huko Geneva tarehe 2 na 3 Aprili 1987. Makadirio yalikuwa kama dola milioni 7, vikaenda kwa milioni 50. Na pesa zilikwenda Institut Pasteur ya Paris, taasisi ya utafiti wa magonjwa, ndivyo wosia wa Wallis ulivyotaka. Elizabeth Taylor alinunua kwa simu akiwa Los Angeles ile bruchi ya manyoya matatu, alama ya mrithi wa Uingereza. Mwaka 2010 baadhi vilirudi mnadani London na bangili ya chui peke yake ikafika pauni milioni 4.5, hakuna bangili iliyowahi kuuzwa bei hiyo mnadani mpaka siku ile.

Mbona bei iliruka mara saba ya makadirio? Wapimaji walipima mawe na chapa za maduka, wanunuzi walinunua nyuma. Yakuti kama zile unaweza kuzipata kwingine ukiwa na hela na subira. Huwezi kupata nyingine iliyoandikwa shikilia sana na mfalme ambaye miezi tisa baadaye anaacha kila kitu.

Sasa pete zenu. Usiandike "nakupenda daima", sio kosa ila nimeshaisoma kwenye pete mia na hakuna hata moja iliyonifanya nijiulize hawa walikuwa nani. Andikeni tarehe moja na neno moja ambalo mkilisema mbele za watu mnaelewana nyie wawili tu. Hata kama ni neno la kijinga, tena likiwa la kijinga ndio zuri, msalaba wa kidole tumbo umeshinda mashairi mengi. Liandike kwa mkono wako kwenye karatasi kwa kalamu ya kawaida, umpe sonara alinakili, na mwenzako aandike la kwako kwa mkono wake, mwandiko mbaya usiwatie aibu.

La kiufundi, pimisheni vidole vizuri kabla ya kuchonga na sio baada, kwasababu pete ikija kupanuliwa au kupunguzwa inakatwa pale chini mkabala na jiwe, na kama herufi ziko hapo zinakatwa nazo. Mwambie fundi aanze maandishi pembeni. Uliza kama anachonga kwa mkono au kwa leza, ya mkono inazama zaidi, ya leza mara nyingi ni nyepesi na kila pete ikisuguliwa kung'arishwa inapungua kidogo, baada ya miaka inabaki kivuli. Pete nyembamba sana usiizamishe maandishi, itadhoofika.

Na hiyo tarehe kaeni chini mkubaliane kabla ya kwenda dukani, maana nimeshashuhudia wachumba wamesimama mbele ya meza yangu dakika ishirini wanabishana walianza lini, kila mmoja ana siku yake na wote wana uhakika.